Ndoa ikivunjika, nani anaketi na mtoto?

Mwaka wangu wa mwisho wa kufundisha darasa la tano, katika shule moja ya msingi ya Katuba hapa Lubumbashi, Kongo, mtoto mmoja alinifuata baada ya kengele ya mwisho akaniomba nimwandikie biltini mbili, yaani ripoti za alama. Moja ya mama, nyingine ya baba. Nilidhani ana alama anazotaka kuficha, nikamhoji kwa ukali. Hakuwa na cha kuficha. Alikuwa wa nne darasani. Alieleza tu kwamba muhula uliopita biltini ilibaki kwa baba yake, na mama alipoikosa alilia usiku, akisema sasa hata masomo ya mtoto yamekuwa ya baba. Nikamjibu kuwa biltini ni moja, mhuri ni mmoja, na mambo ya shule hayaendeshwi hivyo. Akasema, "Ndiyo, mwalimu," akachukua begi lake akaenda.

Miaka imepita na jibu lile bado linaniuma. Mtoto wa miaka kumi alikuwa ameutazama msiba wake mwenyewe, akachagua ndani yake kipande kimoja ambacho mtu angeweza kukitengeneza, akaniletea. Nje ya geti la shule, mwendo wa dakika mbili, palikuwa na kijana mwenye mashine ya fotokopi.

Mji huu unajua kuketi. Mtu akifa, kabla jua halijazama viti vimekwisha kukodiwa, hema limefunga nusu ya avenyu, akina mama wametandika mikeka ndani na wanaume wamewasha moto nje. Kilio huchukua siku kadhaa na hakuna anayeuliza kama ni lazima. Jirani ambaye hamkusalimiana mwaka mzima ataleta unga. Ndoa ikivunjika pia watu huketi, lakini huketi kwa hesabu: mali iliyotolewa, yaani mahari, ilikuwa kiasi gani, mbuzi wangapi, nani alitoka kwanza, nani arudishe nini. Wajomba husema, mashangazi husema, na mtu mmoja huandika kwenye daftari. Mtoto yuko chumba cha pili, na kazi yake siku hiyo ni kupeleka maji ya kunywa. Nimehudhuria vikao vya namna hiyo mara tatu, mara moja katika ukoo wetu wenyewe, na sikumbuki mtu yeyote kuinuka akaenda kuketi na yule aliyeleta maji.

Mimi nasema mtoto yule ana msiba, na anahitaji watu wa kuketi naye. Watu hao wasiwe wale wale wanaogombana. Wawe watoto wenzake, wachache, wa umri wake, waliopitia jambo hilo hilo, pamoja na mtu mzima aliyefundishwa namna ya kuwaongoza. Nchi nyingine zina vikundi kama hivyo kwa zaidi ya miaka 40 sasa. Hapa kwetu mtoto huachiwa nkambo wake, yaani bibi au babu, na maombi, na ingawa vyote viwili nimeviona vikisaidia, havitoshi.

Mila zetu zina jibu kamili kwa swali moja: mtoto ni wa nani. Kwa Waluba wa Katanga ni wa baba na ukoo wa baba. Mali ilitolewa kwa ajili hiyo. Kwa Wabemba, Walamba na Wasanga, ukoo hupita kwa mama, na mjomba ana neno kubwa. Lubumbashi imewachanganya wote hawa chini ya paa moja tangu enzi za Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, kwa hiyo si ajabu baba Mluba na mama Mbemba kila mmoja kusema kwa dhati kwamba watoto ni wake, na kila mmoja akawa sahihi kwa mila yake. Lakini mtoto anayesikia ugomvi huo nyuma ya mlango hasikii mila. Anasikia bei.

Sheria ya serikali inakwenda mbele kidogo. Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamtaka hakimu ajaribu kwanza kuwapatanisha mume na mke, na ikishindikana, apange malezi ya watoto kwa kutazama manufaa yao. Sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inampa mtoto haki ya kusema maoni yake katika mambo yanayomhusu, kama unavyosema Mkataba wa Haki za Mtoto ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990, ikiitwa bado Zaire. Ni maandishi mazuri, na ninawaheshimu mahakimu wanaoyafuata. Ila ndoa nyingi za hapa ni za mali tu. Hazikuandikwa komini, yaani ofisi ya manispaa, na zikivunjika hazifiki mahakamani. Hakimu hawezi kumsikiliza mtoto ambaye faili la wazazi wake halijawahi kuwepo.

Tena, kwetu nyumba nyingi hazivunjiki siku moja, na hapa naomba msomaji asikimbie, kwa sababu jambo hili hubadilisha kila kitu kingine.

Kati ya mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi 10,655 wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, waliacha kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Kwa vizazi viwili au vitatu, kampuni ilikuwa imetoa nyumba, shule, hospitali na mposho wa chakula, na baba alikuwa baba kwa sababu mposho uliingia kwa jina lake. Mposho ulipokwisha, baadhi ya nyumba zilisimama, nyingine zikaanza kuegama. Baadaye migodi mipya ya Kolwezi na Fungurume ikafunguliwa, na wanaume wakafunga safari. Kolwezi ni kilomita zapata 300. Mwanzo baba hutuma feza kwa simu kila mwezi. Kisha mwezi mmoja ndiyo, mwezi mwingine hapana. Kisha namba ya simu inabadilika. Kisha binamu anapita na habari kwamba kule kuna mwanamke, na kuna mtoto mchanga. Mama naye ameanza biashara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, anaondoka kabla ya mapambazuko, analala huko siku mbili. Watoto wanapelekwa kwa nkambo katika komini ya Kenya, hapa hapa mjini. Hakuna aliyetamka neno talaka. Hakuna kikao, hakuna karatasi, hakuna siku ambayo mtoto anaweza kuikumbuka na kusema: siku ile ndiyo iliyovunjika nyumba yetu.

Muulize mtoto huyo baba yako yuko wapi, atakujibu: "Yuko Kolwezi." Nimelisikia jibu hilo miaka kumi na minne ya kufundisha. Wenzake darasani hunyamaza kidogo linapotamkwa, kwa sababu nusu yao wanalijua.

Mtoto ambaye hakuambiwa kwamba nyumba imekwisha hawezi kuilia. Anabaki akingoja, na kungoja ni kazi ngumu inayokula nguvu ambayo ingekwenda kwenye hesabu na imla. Na wakati akingoja anatafuta sababu. Watu wazima hushangaa kwa nini watoto wengi hujilaumu, lakini ukitazama nyumba zetu, sababu iko wazi kabisa. Wazazi maskini hugombana kuhusu feza, na feza ya nyumbani mara nyingi ni minervale (karo ya shule), ni sare, ni dawa ya mtoto aliyeugua. Kwa hiyo jina linalotajwa katika ugomvi wa usiku ni la mtoto mwenyewe. Amelala mkekani, anasikia jina lake, asubuhi baba ameondoka. Kwa akili ya miaka minane, hesabu hiyo haina kosa.

Halafu kuna kuhamishwa. Mmoja anakwenda kwa shangazi Ruashi, mwingine kwa mjomba Likasi, mdogo anabaki na nkambo. Ukoo unafanya hivyo kwa upendo, kugawana mzigo ili usimwangukie mtu mmoja, na ninawashukuru mashangazi wote waliofungua milango. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mtoto anayehamishwa hujua haraka ni lini siku yake ya tatu imefika. Hapo ndipo amepoteza baba, mama na ndugu zake katika msimu mmoja wa mvua, na yule dada yake mkubwa, ambaye pekee angeweza kumthibitishia kwamba mambo yale yalitokea kweli, yuko mji mwingine.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu huko Marekani. Mwaka 1991 Paul Amato na Bruce Keith walikusanya tafiti 92 zilizogusa watoto zaidi ya 13,000. Waliona kwamba watoto wa wazazi walioachana walikuwa nyuma kidogo ya wenzao shuleni, tabiani na moyoni, lakini tofauti ya wastani ilikuwa ndogo kuliko watu walivyoogopa. Na watoto walioishi na wazazi wawili wenye ugomvi wa kila siku hawakuwa na nafuu. E. Mavis Hetherington, baada ya kufuatilia familia kwa miongo kadhaa, aliandika kwamba takriban robo ya watoto wa talaka walikuwa na matatizo mazito, wakati kwa watoto wa nyumba zisizovunjika ilikuwa mmoja kati ya kumi. Ninazitaja hesabu hizo kwa sababu mbili. Kwanza, zinawakataza wale wanaomtazama kila mtoto wa wazazi walioachana kama aliyekwisha kuharibika. Watatu kati ya wanne husimama tena. Pili, zinaonyesha sumu iko wapi. Ugomvi unaoendelea juu ya kichwa cha mtoto ndio unaomla, kuliko kutengana kwenyewe. Wanaomwambia mwanamke anayepigwa avumilie kwa ajili ya watoto wafikirie hilo tena.

Vikundi vyenyewe vilianza kwa njia za kawaida sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mjini Rochester katika jimbo la New York, mwanasaikolojia JoAnne Pedro-Carroll na mwenzake Emory Cowen walianzisha mpango shuleni kwa watoto wa miaka tisa hadi kumi na miwili: watoto wachache, viongozi wawili, mara moja kwa juma, kwa majuma kumi na zaidi. Mwaka 1983, katika eneo la Chicago, Suzy Yehl Marta, mama wa watoto watatu wa kiume ambaye ndoa yake ilikuwa imevunjika, alianzisha Rainbows, na vikundi vyake vikaenea katika parokia na shule nyingi. Hakuwa daktari. Alikuwa mama aliyeona wanawe hawana pa kusemea.

Katika yote yanayofanywa ndani ya vikundi vya Rochester, kuna moja ninalolithamini kuliko mengine. Watoto hufundishwa kutenganisha mafungu mawili ya matatizo: yale ambayo mtoto anaweza kuyafanyia kitu, na yale ambayo si yake. Baba kuoa mwanamke mwingine si lako. Mama kulia si lako kulimaliza. Wazazi kurudiana si kazi yako, hata ukifunga na kusali, hata ukiwa wa kwanza darasani. Lakini kuwa na daftari moja kwa nkambo na jingine kwa mama, hilo ni lako. Kumwambia shangazi "sitaki kupeleka ujumbe huu kwa baba, mpigie mwenyewe," hilo ni gumu, lakini linaweza kufundishwa, na mtoto anaweza kulijaribu mbele ya wenzake kwa mchezo wa kuigiza kabla ya kulisema nyumbani. Watoto wadogo huwekewa vikaragosi vya mkononi, kwa sababu mtoto wa miaka saba hatasema kwamba ana hasira na mama yake, ila kikaragosi chake kitasema. Pedro-Carroll na wenzake walipowatazama tena watoto hao wadogo baada ya miaka miwili, nafuu ilikuwa bado ipo.

Ndiyo maana ile biltini hainitoki. Mwanafunzi wangu alikuwa amekwisha kuyatenganisha mafungu hayo mawili peke yake. Alikuja kwangu na tatizo la fungu la kwanza.

Kuna jambo linalonisumbua, na nisipolisema nitakuwa nimewadanganya wasomaji. Katika Chuo Kikuu cha Arizona State, Sharlene Wolchik, Irwin Sandler na wenzao walichukua familia 240 zenye watoto wa miaka tisa hadi kumi na miwili. Baadhi ya akina mama waliingia kikundi chao wenyewe: namna ya kuwa karibu na mtoto, namna ya kumwadibisha bila kubadilika-badilika, namna ya kumkinga asiingizwe katika ugomvi. Familia nyingine zilipata kikundi cha mama pamoja na kikundi cha watoto. Nyingine zilipewa vitabu tu. Matokeo ya baada ya miaka sita, yaliyotolewa mwaka 2002, yalionyesha kwamba vikundi vilileta nafuu, lakini kuongeza kikundi cha watoto juu ya kile cha mama hakukuongeza jambo kubwa. Kwa maneno mengine, anayebadilisha hali ya mtoto zaidi ni mtu mzima anayelala naye nyumba moja.

Je, hilo linavunja hoja yangu? Nimelifikiria sana, na jibu langu ni kwamba linairekebisha. Kule Arizona walikuwa na mama katika kila nyumba waliyoifanyia kazi. Hapa, mtoto wa kwanza katika duara la kikundi yuko kwa nkambo, wa pili kwa shangazi, wa tatu kwa mke mpya wa baba, wa nne kwa mjomba ambaye ana watoto wake sita. Mama yuko barabara ya Kasumbalesa. Kungoja mpaka mzazi apatikane ndipo mtoto asaidiwe ni kumwongezea mtoto kungoja kwingine. Kwa hiyo kikundi cha watoto kianze, na sambamba nacho kiwepo kikao cha wale wanaowalea, yeyote yule aliye na ufunguo wa nyumba. Nkambo aje. Mke mpya wa baba aje pia, na asitazamwe kama mshtakiwa, maana mara nyingi hakuna aliyemuuliza hata yeye. Wazazi wenyewe wakipatikana, waambiwe mambo machache yaliyo wazi: msimtume mtoto ujumbe, msimwulize nyumba ya pili wanakula nini, msimtukane mwenzenu mbele yake, mwambieni kwa midomo yenu kwamba si yeye aliyesababisha. Lile la mwisho huchukua sekunde tano. Nimewajua watu wazima wa miaka hamsini ambao bado wanalingoja.

Pingamizi kubwa nitakaloletewa ni kwamba mambo ya nyumbani hayatolewi nje. Ninaliheshimu, siri ya nyumba imelinda familia nyingi. Ila kikundi hakimtaki mtoto atoe siri za wazazi. Kiongozi mzuri humzuia mtoto anapoanza kueleza baba alikutwa wapi na "biro ya pili" yake, yaani hawara, kwa sababu hayo ni ya baba. Mtoto huzungumza juu ya mtoto: ninalala wapi, ninaogopa nini, ninamkosa nani. Na kinachosemwa hapo hakitoki, isipokuwa pale mtoto anapoumizwa. Mtoto akisema anapigwa vibaya au anaguswa isivyofaa, kiongozi hana ruhusa ya kunyamaza. Lazima ajue mapema ni mlango gani wa kupiga hodi, wa huduma za jamii za serikali, wa polisi wanaoshughulikia watoto, au wa mahakama ya watoto. Viongozi wawe wawili siku zote, wajulikane kwa mwenendo wao, na mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mmoja. Katika hili sitaki hata kujadiliana.

Makanisa yana sehemu kubwa hapa, nami ni mtu wa kanisa. Baadhi ya mapadri na wachungaji huogopa kwamba kuwakusanya watoto wa walioachana ni kama kuibariki talaka. Mtoto hakuomba talaka. Kumpokea hakugusi fundisho lolote kuhusu ndoa. Ninachokiogopa zaidi ni kitu kingine: mtoto kusimamishwa mbele ya waumini atoe ushuhuda, alie, watu wapige makofi. Hilo linamfanya alipie huruma kwa machozi yake. Duara ni la watoto wanane, na mlango unatazama ndani.

Kuna pia lile giza ambalo kila mtu wa mji huu analijua. Mtoto anahamia kwa mke mpya wa baba. Anakojoa kitandani, anaamka usiku, ananuna, hali chakula. Dalili zote hizo ni za mtoto aliyefiwa na nyumba yake. Kisha biashara inaharibika au mtoto mchanga anaugua, na mtu anatamka neno uchawi. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria inaadhibu. Human Rights Watch ilipochunguza mwaka huo huo maisha ya watoto wa mtaani wa Kongo, Lubumbashi ikiwa mmojawapo wa miji, ilieleza jinsi shutuma hizo zinavyowaangukia watoto wanaolelewa na ndugu au na wazazi wasiowazaa. Wasalesiani, watawa wa kituo cha Bakanja hapa mjini, wanawapokea wavulana kama hao wakiwa wameshafika barabarani. Kama mtu mzima mmoja tu nyumbani angeambiwa mapema, "Mama, mtoto anayekojoa kitandani baada ya mama yake kuondoka ni mtoto mwenye huzuni," baadhi yao wasingefika huko. Kwa sababu hiyo peke yake, kikao cha walezi ninakiona kuwa na thamani sawa na duara la watoto.

Nani afanye? Sioni haja ya kungoja mradi wenye magari. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha saikolojia na elimu, na wanafunzi wake hutafuta mahali pa kufanyia mazoezi ya kazi. Profesa mmoja anayekubali kuwasimamia angetosha kwa mwanzo. Kiro, chama cha vijana Wakatoliki, na Skauti wana vijana waliozoea kukaa na watoto Jumamosi na Jumapili. Shule zina vyumba. Tangu elimu ya msingi ifanywe bure mwaka 2019, madarasa ya serikali yamejaa kupita kiasi, na sitamwongezea mwalimu mzigo mwingine. Mwalimu ajue tu kumtambua mtoto na kumwelekeza. Mkurugenzi wa nidhamu naye aulize kwanza mtoto alilala wapi, kabla ya kumpigisha magoti kwa kuchelewa. Vikundi vigawanywe kwa umri, ndugu wa tumbo moja wasiwekwe duara moja, na mtoto aliyeumizwa sana apelekwe kwa mtaalamu peke yake, kwa sababu duara la wenzake linaweza kumlemea. Liitwe kwa jina lolote isipokuwa "watoto wa talaka". Mtoto ambaye baba yake "yuko Kolwezi" hataingia mlango wenye maandishi hayo, na hatupaswi kumlazimisha alikubali neno ambalo wazazi wake hawajalitamka.

Gharama ni chaki, karatasi, kalamu za rangi, na vitumbula vya saa kumi. Vitumbula nimeviweka makusudi. Hakuna kilio cha hapa ambapo watu huketi bila kulishwa.

Mwezi uliopita nilimpelekea wazo hili mkurugenzi wa shule moja ya msingi, mama wa makamo ambaye tulifundisha pamoja zamani. Alisikiliza, kisha akasema labda kwake wako watoto kumi au kumi na wawili wa namna hiyo, duara moja na kidogo. Mapumziko yalipofika akawaita walimu wake mmoja mmoja, akawaomba wasitaje majina, waseme idadi tu, naye akawa anachora kijistari kwa kila mtoto kwenye karatasi ya daftari. Mwalimu wa darasa la kwanza alifumba macho, akahesabu kwa vidole vya mikono miwili, akaanza upya. Wa darasa la pili vilevile. Tulipofika darasa la nne mama aliweka kalamu chini, akaomba mtu amletee karatasi nyingine.